Hekalu au Njia ya Mfereji: Kuchagua Pa Kutazamia Maua ya Mcheri Mjini Kyoto

Anayepata siku mbili au tatu tu za kukaa Kyoto wakati wa maua ya mcheri, ambayo Wajapani huyaita sakura, hukabiliwa mapema na uamuzi mmoja: ajielekeze kwenye mahekalu makubwa ya Kibuddha, ambako micheri imesimama kando ya pagoda, yaani minara ya ghorofa nyingi ya Kibuddha, na kumbi za karne nyingi, au afuate njia za miguu zilizo kando ya mifereji, ambako matawi hukutana juu ya kichwa cha mpita njia na kumsindikiza mwendo mzima. Mwenye wiki mbili hana haja ya kuchagua, kwa kuwa atafika kote. Lakini mwenye siku chache akiitumia asubuhi yake moja nzuri mahali pasipomfaa, hatairudisha, maana maua haya hayamsubiri mtu. Katika ulinganisho huu ninaweka upande mmoja Njia ya Mwanafalsafa, iitwayo kwa Kijapani Tetsugaku no Michi, na upande wa pili hekalu la Daigo-ji, kwa sababu naona kila mahali hapo panaonyesha ubora wa aina yake kwa ukamilifu. Baadaye nitataja mahali pengine pachache ambapo jibu hubadilika.

Kabla ya uzuri wa mahali, iangaliwe tarehe. Kwa wastani wa miaka ya 1991 hadi 2020, micheri ya Kyoto huanza kuchanua tarehe 26 Machi na hufikia kilele tarehe 4 Aprili. Baada ya kilele hicho, kinachoitwa mankai, maua hudumu takriban wiki moja, na upepo mkali ukivuma hayafiki hata hapo. Wastani huo usichukuliwe kuwa ahadi. Kumbukumbu za Kyoto, zilizokusanywa kutoka katika shajara za watawala, watumishi wa makasri na watawa, zinarudi nyuma hadi mwaka 812, na kilele cha tarehe 26 Machi 2021 kilikuwa cha mapema kuliko vyote vilivyoandikwa hadi mwaka huo. Kwa hiyo anayelazimika kupanga safari miezi kadhaa kabla, kama tunavyofanya wengi tunaotoka Afrika Mashariki na kuhitaji viza kwanza, hana njia ya kujua kwa yakini kama atakuta matumba, maua kamili au matawi yaliyokwisha kuota majani.

Hapa ndipo penye tofauti kubwa kati ya njia na hekalu, nami naipa uzito kuliko tofauti nyingine zote. Njia nyingi za mijini zimepandwa kwa sehemu kubwa aina moja ya mcheri, Somei Yoshino. Aina hii ilienezwa na wakuza miche wa kijiji cha Somei, kilichokuwa pembezoni mwa Edo, mji ambao leo ni Tokyo. Haizalishwi kwa mbegu bali kwa kubebesha: kijiti cha mti mmoja huunganishwa na shina la mche mwingine, kama wakulima wetu wanavyofanya kwa miembe na michungwa. Kila Somei Yoshino, kwa hiyo, ni nakala ya mwenzake katika urithi wake. Miti ya njia moja ikipata baridi ile ile ya majira ya baridi inayoyaamsha matumba, kisha joto lile lile la Machi, hufungua maua kwa pamoja na kupukutika kwa pamoja. Umoja huo ndio unaoifanya njia iwe kama paa jeupe lisilo na tundu. Na umoja huo huo ndio unaoifanya iwe tupu siku chache baadaye, yote kwa mara moja.

Mahekalu ya kale hayakupandwa hivyo. Miti yake iliongezwa kidogo kidogo katika vizazi mbalimbali, na mengi yana mchanganyiko: micheri ya matawi yanayoning'inia, inayotangulia, Somei Yoshino, inayofuata, micheri ya mwituni, ambayo majani yake mekundu huchipua pamoja na maua, na micheri ya maua yenye petali nyingi zilizorundikana, ambayo huja mwisho. Aliyekosea tarehe kwa siku sita atakuta njia imeisha, lakini hekaluni atakuta zamu ya mti mwingine. Kwa ufupi, njia ni ya mwenye tarehe sahihi, na hekalu ni kinga ya asiye na uhakika.

Njia ya Mwanafalsafa

Njia hii ina urefu wa takriban kilomita mbili, kuanzia karibu na hekalu la Ginkaku-ji upande wa kaskazini hadi Nyakuoji upande wa kusini, chini ya milima ya Higashiyama. Inaandamana na mfereji mwembamba ambao ni tawi la Mfereji wa Ziwa Biwa, uliokamilika mwaka 1890. Kyoto ilikuwa imepoteza hadhi ya kuwa makao ya mfalme baada ya Tokyo kuchukua nafasi hiyo, na mfereji huo ulichimbwa ili kuuinua mji kwa maji, usafirishaji na, muda mfupi baadaye, umeme. Mito mingi ya Kyoto hutiririka kuelekea kusini, lakini maji ya tawi hili huenda kaskazini, jambo ambalo mtu hulitambua vizuri pale petali zinapoanza kuanguka na kusafiri juu ya maji kwenda upande asioutarajia.

Jina la njia linatokana na Nishida Kitaro, mwanafalsafa wa Chuo Kikuu cha Kyoto, aliyekuwa akitembea hapa huku akiwaza. Maua yenyewe, hata hivyo, yana deni kwa watu wengine wawili. Mchoraji Hashimoto Kansetsu na mkewe Yone, waliokuwa na makazi karibu na Ginkaku-ji, waliutolea mji miche ipatayo 300 mwaka 1921, na hadi leo micheri ya hapa huitwa kwa jina la mchoraji huyo, ijapokuwa mingi iliyozeeka imekwisha kupandwa upya. Napenda jambo hili likumbukwe na kila anayepita, kwa sababu kinachoonekana kama kazi ya maumbile peke yake ni zawadi ya mke na mume kwa majirani zao.

Sehemu za njia zimetandikwa mawe yaliyotolewa katika reli za zamani za tramu ya mji. Upana wake hautoshi watu wengi, na ndiyo maana saa ya kufika ina uzito kuliko kitu kingine chochote. Mwanzoni mwa Aprili jua la Kyoto huchomoza takriban saa 11:40 alfajiri. Nilipofika saa 12 na dakika chache asubuhi, nilikutana na wazee wawili waliokuwa wakitembeza mbwa, mwanamke mmoja aliyekuwa akifagia mbele ya mlango wake, na maji. Niliporudi siku ya pili saa 5 asubuhi nilitembea hatua kwa hatua nyuma ya migongo ya watu, na kila daraja dogo lilikuwa na foleni ya wapiga picha. Miti ilikuwa ile ile na maua yalikuwa bado kamili, lakini nisingeweza kumshauri mtu kwa dhamiri safi aje saa kama hiyo. Kwa kuwa njia haina lango, haina kiingilio na haina saa ya kufunguliwa, uhuru wa kuja alfajiri ndio faida yake kuu dhidi ya mahekalu mengi, na asiyeweza kuamka mapema ameiacha faida hiyo kitandani.

Kuna faida ya pili ambayo wageni wengi huikosa kwa kuogopa kuchelewa. Siku tatu au nne baada ya kilele, petali zinapoanguka kwa wingi, mfereji hufunikwa na zulia la rangi ya waridi hafifu linalosogea polepole. Wajapani huliita hana-ikada, yaani chelezo cha maua, na ule mvumo wa petali hewani huuita hana-fubuki, dhoruba ya theluji ya maua. Mahali penye maji membamba na yaliyotulia kama hapa, mandhari hiyo hupendeza kuliko maua yakiwa mtini. Huo ndio msimamo wangu, nami najua wapo watakaoupinga. Asiyefika siku ya mankai, basi, asiifute njia katika ratiba yake mpaka ahakikishe kwamba hata maji yamekwisha kusafishika.

Jambo la kumwonya msafiri ni kwamba Ginkaku-ji, hekalu lililo mwanzoni mwa njia, si mahali pa kutafutia micheri. Uzuri wake ni bustani ya mchanga, kuvumwani, ile mimea midogo laini ya kijani inayotanda juu ya ardhi, na utulivu uliokusudiwa na Ashikaga Yoshimasa alipoanza kulijenga kama makazi yake mwaka 1482. Wengi huingia wakitarajia mawingu ya maua na kutoka wakinung'unika, kosa likiwa la matarajio yao. Kwa atakaye kupumzika katikati ya mwendo, Honen-in, hekalu dogo lenye lango la paa la nyasi, liko hatua chache kutoka njiani.

Daigo-ji

Daigo-ji liko kusini-mashariki mwa mji, mbali kidogo na mahali panapojazwa na wageni, na hufikiwa kwa treni ya chini ya ardhi ya Tozai hadi kituo cha Daigo, kisha kwa miguu mwendo wa dakika kumi na kitu. Lilianzishwa mwaka 874 na mtawa Shobo. Pagoda yake ya ghorofa tano, yenye urefu wa takriban mita 38, ilikamilika mwaka 951 na ndilo jengo la kale kuliko yote yaliyosimama Kyoto. Vita vya Onin, vilivyouteketeza mji kati ya 1467 na 1477, viliunguza karibu kila kitu katika sehemu ya chini ya hekalu hili, pagoda hiyo ikabaki.

Lililoliunganisha jina la Daigo na maua ni karamu ya mwaka 1598. Toyotomi Hideyoshi, aliyeiunganisha Japani chini ya mamlaka yake, aliagiza micheri ipatayo 700 iletwe kutoka mikoa ya jirani na kupandwa hapa, kisha akawaalika watu wapatao 1,300, wengi wao wanawake wa nyumba yake na wa nyumba za makabaila, waje kuyatazama maua hayo pamoja naye na mwanawe mdogo Hideyori. Inasimuliwa kwamba kila mwanamke alibadilisha mavazi mara mbili siku hiyo. Hideyoshi alikuwa mgonjwa, na kabla ya mwaka ule kwisha alikuwa amefariki. Bustani ya Sanbo-in, aliyoisanifu mwenyewe kwa ajili ya tukio hilo, ipo hadi leo. Kila Jumapili ya pili ya Aprili hekalu hufanya maandamano ya mavazi ya kale kulikumbuka.

Historia hii haielezwi hapa ili kupamba maneno. Ndiyo tofauti yenyewe kati ya hekalu na njia. Katika njia ya mfereji, macho huchukua maua peke yake, na mguu huendelea. Daigo-ji humsimamisha mtu: mcheri mkubwa wenye matawi yanayoning'inia hadi karibu na ardhi, nyuma yake ukuta mweupe, na juu ya ukuta ncha ya pagoda iliyoona misimu ya maua zaidi ya 1,070. Ua linaloishi wiki moja na mti wa jengo unaoishi miaka elfu vinakaa katika jicho moja. Anayekuja Japani ili aelewe kwa nini watu wa nchi hii wamelithamini ua dogo hivi kwa muda mrefu hivyo, atalielewa upesi zaidi hapa kuliko kando ya mfereji.

Kwa upande wa muda, Daigo-ji ni karimu. Micheri inayoning'inia hutangulia mwishoni mwa Machi, Somei Yoshino hufuata, kisha aina za petali nyingi huchukua zamu, hivi kwamba msimu wa hapa hudumu takriban wiki tatu. Kwa upande wa fedha, si karimu sana: katika misimu ya miaka ya karibuni kiingilio cha mtu mzima wakati wa maua kimekuwa yeni 1,500, tiketi moja ikijumuisha Sanbo-in na eneo la pagoda. Lango hufunguliwa saa 3 asubuhi, saa ambayo njia ya mfereji imekwisha kujaa, na anayesimama langoni dakika ishirini kabla huingia mbele ya makundi ya watalii. Eneo ni pana, kwa hiyo hata likijaa mtu hupata pa kusimama bila kusukumwa. Yapo makatazo ya kuheshimiwa: vigoda vya miguu mitatu vya kamera havikubaliki katika mahekalu mengi ya Kyoto, viatu huvuliwa kabla ya kuingia kumbini, na ndani ya baadhi ya kumbi kupiga picha ni marufuku.

Mvua, miguu na chakula

Mvua hugeuza mizani. Ua lililofunguka jana hushika tawi kwa nguvu na haliangushwi na manyunyu, lakini mawe ya Njia ya Mwanafalsafa huteleza na miavuli ya watu hugongana katika upana ule mdogo. Hekaluni kuna baraza na kumbi za kukaa huku mtu akitazama bustani iliyolowa, na rangi ya maua dhidi ya mbao nyeusi zenye unyevu huzidi kukolea. Siku ya mvua nisingesita hata kidogo: hekalu. Na hata pasipo mvua, msafiri wa kutoka pwani yetu abebe sweta, kwa sababu mwanzo wa Aprili huwa na baridi inayorudi ghafla, ambayo Wajapani wameipa jina lake, hana-bie, yaani ubaridi wa maua.

Kwa wazee na wenye watoto wadogo, njia zote mbili zinapitika. Njia ya mfereji ni tambarare lakini ina sehemu za mawe yasiyolingana. Sehemu ya chini ya Daigo-ji nayo ni tambarare na ina changarawe. Kiyomizu-dera, hekalu ambalo kila kalenda ya Japani inalo, hufikiwa kwa kupanda mteremko mrefu uliojaa maduka na watu, na sipendekezi kumpeleka huko mzazi mwenye maumivu ya magoti mchana wa Aprili. Keage nako, ambako zamani mashua zilipandishwa mlimani kwa reli ya mita 582 kati ya 1891 na 1948, na leo watu hutembea bure katikati ya reli hizo chini ya maua, chini kuna kokoto kubwa. Viatu vya kawaida vya sherehe vitaharibika na kigari cha mtoto hakitasogea. Kwa kijana mwenye viatu vizuri, hata hivyo, Keage saa 12 asubuhi ikifuatiwa na Njia ya Mwanafalsafa kutoka kusini kwenda kaskazini ni asubuhi kamilifu, kwani sehemu hizo mbili ziko karibu na hekalu la Nanzen-ji liko kati yake.

Kuhusu chakula, wengi hufikiri kwamba hanami, yaani desturi ya kutazama maua, ni kutandika turubai chini ya mti na kula pamoja na jamaa. Desturi hiyo ipo na ni nzuri, lakini haifanyiki ndani ya mahekalu tuliyoyataja wala juu ya njia ya mfereji. Anayeitaka aende bustani ya Maruyama au ukingo wa mto Kamo. Akiwa njiani anunue dango za rangi tatu, waridi, nyeupe na kijani, zilizochomekwa kwenye kijiti, au sakura-mochi ya Kyoto, ambayo ni wali wa kunata uliotiwa rangi, ndani kukiwa na maharage madogo mekundu yaliyopondwa na sukari, na nje kumefungwa jani la mcheri lililotiwa chumvi. Jani hilo huliwa, na chumvi yake ndiyo inayoutuliza utamu wa ndani.

Usiku, na kwa waliochelewa

Baada ya jua kutua, njia ya mfereji haina la kushindana. Taa zake ni chache, na mtu huona giza kuliko maua. Kwa ajili ya usiku ninamchagulia msafiri Kiyomizu-dera, ambalo kati ya mwisho wa Machi na mwanzo wa Aprili hufunguliwa hadi saa 3 usiku na kumulikwa. Hekalu hili lilianzishwa mwaka 778. Ukumbi wake mkuu wa sasa ulijengwa upya mwaka 1633, na jukwaa lake, lililoinuliwa takriban mita 13 juu ya nguzo zilizounganishwa bila misumari, usiku huonekana kana kwamba linaelea juu ya maua. Msongamano upo, tena mkubwa, lakini giza huwafunika watu na nuru huonyesha maua peke yake. Asiyetaka kulipa kiingilio ana bustani ya Maruyama, iliyo mwendo mfupi kutoka hapo, ambako mcheri mmoja mkubwa unaoning'inia humulikwa kila jioni ya msimu. Mti huo ulipandwa mwaka 1949, ukiwa umekuzwa kutokana na mbegu za mti uliotangulia, uliokufa mwaka 1947.

Aliyechelewa kabisa, akafika Kyoto kama tarehe 12 au 15 Aprili na kuambiwa na kila mtu kwamba maua yamekwisha, aende Ninna-ji kabla hajakubali. Hekalu hili la kaskazini-magharibi, lililokamilishwa na Mfalme Uda mwaka 888, lina shamba la micheri ipatayo 200 ya aina iitwayo Omuro-zakura, ambayo huchanua mwisho kuliko karibu yote ya mjini. Miti yake haizidi sana mita mbili au tatu, na maua huanzia karibu na ardhi, usawa wa magoti, hivi kwamba mtu hatembei chini ya maua bali kati yake, akiyatazama uso kwa uso. Kwa kuwa neno hana kwa Kijapani lina maana ya ua na pia ya pua, watu wa Kyoto wana mzaha wa miaka mingi kuhusu mti huu wenye hana fupi. Pagoda ya ghorofa tano ya mwaka 1644 husimama juu ya bahari hiyo ya maua, na mtoto mdogo huona yote bila kubebwa begani. Laiti tarehe zote zingekuwa mkononi mwangu, ningependa kufika siku ya Omuro-zakura kuliko siku ya mankai ya mji mzima, kwa sababu mji wakati huo umekwisha kutulia, na bei za vyumba vya kulala huwa zimeanza kushuka.

Kwa asiyetoka Tokyo kabisa, ulinganisho ni mfupi. Njia ya Chidorigafuchi, kando ya handaki la maji la kasri ya mfalme, ina urefu wa takriban mita 700 na inashinda kwa wingi wa maua juu ya maji. Kando ya mto Meguro kuna takriban kilomita nne za micheri, na msongamano wa kulingana nayo. Hekalu la kuchagua ni Zojo-ji, ambako maua husimama mbele ya paa la hekalu na nyuma yake Mnara wa Tokyo wenye mita 333. Tokyo huanza siku chache kabla ya Kyoto, kwa wastani tarehe 24 Machi, kwa hiyo anayepitia miji yote miwili atangulie Tokyo.

Panapobaki ni pale ambapo hekalu na njia ni kitu kimoja. Mlima Yoshino, katika mkoa wa Nara, una micheri ipatayo 30,000, mingi ikiwa ya mwituni, iliyopandwa na waumini kwa karne nyingi. Kwa mujibu wa mapokeo, mtawa wa milimani En no Gyoja alichonga sanamu ya Zao Gongen, mungu anayeabudiwa mlimani hapo, kwa mti wa mcheri, na tangu hapo mti huo ukawa mtakatifu mlimani, kuukata ukawa dhambi na kuuleta ukawa sadaka. Hekalu la Kinpusen-ji lipo juu ya ukingo wa mlima, na njia inayopita mbele yake ndiyo njia ile ile ya kutazamia maua. Kutoka Osaka, treni ya haraka ya Kintetsu huchukua takriban saa moja na robo. Kupanda ni kwa miguu na ni kazi. Mwenye magoti mabovu abaki Daigo-ji bila majuto. Micheri imegawanyika katika sehemu nne kutoka chini hadi juu, Shimo Senbon, Naka Senbon, Kami Senbon na Oku Senbon, na kwa kuwa juu kuna baridi zaidi, maua huanza chini mwanzoni mwa Aprili na kupanda mlima kidogo kidogo hadi baada ya katikati ya mwezi. Anayefika na kukuta sehemu ya chini imepukutika asigeuke kurudi kituoni, bali aendelee kupanda mpaka ayakute maua yalipofikia siku hiyo.